Mama anasahau: je, mafunzo ya mrejesho wa ubongo yatamsaidia?

Swali: Mama yangu ana miaka 69, ni mwalimu mstaafu, tunaishi naye Tanga. Tangu mwaka jana anasahau majina, anarudia swali lile lile, na mara mbili sufuria imeungua jikoni baada ya yeye kwenda kupokea simu. Kaka yangu aliyeko Uingereza amesoma kuhusu vifaa vinavyosoma mawimbi ya ubongo na kumfundisha mtu kuyarekebisha. Anataka kununua kile cha kuvaa kichwani aje nacho Desemba. Je, kweli kinawasaidia wazee? Yanafanyikaje mafunzo hayo, na mara ngapi?

Jibu:

Dada, pole kwa hayo, na ni vizuri umekumbuka yalianza lini, maana daktari atakuuliza. Mafunzo haya, ambayo wengi huyaita nyurofidibaki, yanaweza kumfundisha mzee kuongeza au kupunguza wimbi fulani la umeme wa ubongo wake. Hilo limeonekana katika tafiti kadhaa ndogo. Lakini kwamba wimbi likishabadilika mama ataacha kurudia maswali au atakumbuka kuzima jiko, ushahidi wake bado ni mwembamba. Mwambie kaka asinunue kwanza. Kuna mambo ya kufanya kabla ya Desemba ambayo yana nafasi kubwa zaidi ya kumsaidia mama, na nitayafikia.

Seli za ubongo hupashana habari kwa umeme, na sehemu ndogo ya umeme huo hufika kwenye ngozi ya kichwa. Daktari Mjerumani Hans Berger aliunasa kwa binadamu mjini Jena mwaka 1924, akatangaza matokeo yake mwaka 1929. Ni umeme mdogo mno. Wimbi la mikrovolti 50 (mikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti) ni dogo mara 30,000 kuliko betri moja ya rimoti yenye volti 1.5. Ishike namba hiyo, kwa sababu makosa mengi ya mafunzo haya yanatokana na udogo huo: kitu chochote kinachotikisika karibu na kichwa kina sauti kubwa kuliko ubongo wenyewe.

Mawimbi hupangwa kwa kasi yake. Delta huenda chini ya mara 4 kwa sekunde, theta kati ya 4 na 8, alfa kati ya 8 na 12, beta kuanzia kama 15 hadi 30. Katika mtu mzima mwenye afya alfa hupiga karibu mara 10 kwa sekunde, nayo hupungua kasi taratibu umri unavyosogea. Kwa mwenye Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo na kumbukumbu, mara nyingi hushuka chini ya 8 na theta ikazidi. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: kama ubongo unaodhoofika una theta nyingi na alfa ya polepole, basi tuufundishe kupunguza ya kwanza na kuharakisha ya pili.

Mbinu ya kufundisha ni ya zamani. Miaka ya 1960 Barry Sterman wa Los Angeles aliwafundisha paka kuongeza wimbi la kasi ya 12 hadi 15 kwa kuwapa chakula kila lilipojitokeza. Binadamu hapewi chakula, anapewa ishara. Kompyuta inasoma wimbi, na likienda upande unaotakiwa picha inang'aa au mlio unasikika, likirudi nyuma picha inafifia. Mtu haambiwi afanye nini hasa. Ubongo wenyewe unajaribu huku na huku mpaka unaona njia, kama mtoto anayejifunza kuendesha baiskeli.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata watoa huduma. Utasikia mmoja anasema theta ipunguzwe na mwingine anasema iongezwe, na wote wawili wana tafiti mkononi. Sababu ni kwamba theta si kitu kimoja. Ile inayotapakaa kichwa kizima mtu akiwa ametulia tu, macho yamefumbwa, kwa mzee inaweza kuwa dalili ya ubongo uliopungua nguvu, au ya usingizi. Ile inayojitokeza katikati ya kichwa kwa mbele, mtu anapofanya hesabu ya kichwa au anaposhika namba ya simu akilini, ni theta ya kazi. Ya kwanza hufundishwa kushuka, ya pili hufundishwa kupanda. Anayekuambia "tutarekebisha theta" bila kutaja mahali na wakati, bado hajakuambia kitu.

Sasa tafiti zenyewe. Mwaka 2007 Angelakis na wenzake walijaribu kuharakisha kilele cha alfa, yaani kasi ambayo alfa ina nguvu zaidi, kwa wazee. Waliona dalili njema katika kasi ya kufikiri, lakini washiriki walikuwa 6 tu kwa makundi yote mawili. Mwaka 2012 watafiti wa Mexico waliwachukua wazee 14 wenye afya ambao kipimo kilionyesha theta iliyozidi. Nusu walipata zawadi theta iliposhuka, nusu walipata zawadi ya bahati nasibu bila wao kujua. Kundi la kwanza liliendelea vizuri zaidi, lakini kundi la zawadi za uongo nalo likapata maendeleo, pamoja na upande wa kumbukumbu. Soma sentensi hiyo mara mbili. Maana yake ni kwamba kukaa na mtaalamu anayekujali mara kwa mara, kutulia, kushughulisha akili na kuwa na matumaini, vyote hivyo vina nguvu yake hata pale kifaa kinapodanganya. Mwaka 2014 Staufenbiel na wenzake waliwafundisha wazee 20 kuongeza beta au gama, wimbi lenye kasi kuliko beta. Gama ilipanda kweli, lakini kumbukumbu na akili hazikubadilika. Utafiti huo ndio unaotenganisha mambo mawili ambayo matangazo huyaunganisha: kubadili wimbi na kubadili maisha.

Na hao karibu wote walikuwa wazee wenye afya. Mama yako ameshaanza kupoteza kazi za kila siku, sufuria ni ushahidi. Kwake swali la kwanza si wimbi gani, ni ugonjwa gani.

Kwa hiyo aanze hospitali, iwe Bombo au kwingine mnakotibiwa, na muombe vitu hivi kwa majina. Vipimo vya damu: wingi wa damu, sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende. Kama anatumia metformini kwa ajili ya sukari, mwambieni daktari, kwa kuwa ikitumika kwa miaka hushusha B12, na upungufu wa B12 huleta usahaulifu unaotibika. Presha ipimwe. Masikio yatazamwe, kwanza kama yana nta, kisha apimwe usikivu, kwa sababu anayerudia swali wakati mwingine hakusikia jibu. Kama alianguka au aligonga kichwa miezi ya karibuni, semeni hata kama alikaa vizuri baada ya hapo: damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu kwa wiki kadhaa. Huzuni nayo huiga dimenshia, yaani hali ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, vizuri sana, hasa baada ya kustaafu au kufiwa.

Halafu bebeni dawa zake zote kwenye mfuko, hata zile za duka la jirani. Klorofenirameni, ambayo wengi huiita piriton na huimeza kwa mafua au ili kupata usingizi, huziba kemikali ile ile ambayo ubongo huitumia kuweka kumbukumbu. Amitriptilini hufanya hivyo pia. Diazepamu humfanya mzee awe mzito, tena huongeza beta kwenye kipimo, kwa hiyo hata mafunzo ya mrejesho yatasoma dawa badala ya kusoma mama. Asiache dawa ghafla, hasa diazepamu, daktari ndiye atakayeipunguza kwa ngazi.

Tuseme hayo yamekwisha, hakuna kilichopatikana cha kutibika haraka, au kimetibiwa na usahaulifu mdogo umebaki, na mmepata mtaalamu wa kweli. Kikao kizuri kiko hivi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mama anaosha nywele na hapaki mafuta. Mafuta ya nazi ni adui mkubwa wa elektrodi, vile vidude vya waya vinavyobandikwa kichwani kunasa umeme, kwa kuwa yanatandaza utando usiopitisha umeme. Kama amesuka, mistari ipangwe ili ngozi ionekane katikati ya utosi, au afumue. Vifaa vingi vilibuniwa kwa nywele nyembamba zilizonyooka, na kwenye nywele zetu elektrodi kavu mara nyingi inaelea juu bila kugusa ngozi. Skrini itaonyesha mawimbi mazuri tu, lakini si ya ubongo.

Mahali hupimwa kwa futi ya fundi cherehani, si kwa kukadiria. Pima kutoka kishimo cha juu ya pua, kati ya macho, hadi kinundu cha kisogo. Tuseme ni sentimita 36. Nusu yake, 18, ndiyo katikati, halafu hakikisha pia ni nusu ya umbali kutoka sikio hadi sikio. Sehemu ya theta ya kazi iko mbele ya hapo kwa asilimia 20 ya urefu wote, yaani sentimita 7.2, ambayo ni sentimita 10.8 kutoka kwenye kishimo cha pua. Ngozi ya hapo husuguliwa taratibu kwa jeli yenye chembechembe, ikafutwa, ikawekwa losheni nzito ya kupitisha umeme, kisha elektrodi. Nyingine mbili hubanwa masikioni. Ukinzani, yaani jinsi ngozi inavyouzuia umeme kufika kwenye elektrodi, upimwe na uwe chini ya omu 5,000. Ukizidi, tatizo ni ngozi au mafuta, na dawa yake ni kusugua tena, si kuongeza losheni mpaka itapakae. Losheni ikiunganisha elektrodi mbili, zinakuwa kama moja.

Kabla ya mafunzo kuna kipimo cha mwanzo, dakika 3 macho wazi na dakika 3 macho yamefumbwa. Hapa mna jaribio rahisi ambalo hata ninyi mnaweza kulisimamia. Elektrodi ikiwa upande wa nyuma wa kichwa, mama akifumba macho alfa inatakiwa ipande waziwazi ndani ya sekunde chache, na akifumbua ishuke. Kwa watu wengi inaonekana hata kwa asiyesomea. Isipoonekana, kagueni waya na ngozi kwanza kabla ya kusema lolote kuhusu ubongo wake.

Mafunzo yenyewe ni vipande vya dakika 3, mara 8, na pumziko la dakika moja katikati. Ukijumlisha na maandalizi, kikao huchukua karibu saa nzima. Vikao hufanywa mara 2 au 3 kwa wiki, na jumla huwa 20 hadi 30, kwa hiyo andaeni wiki 10 na nauli yake. Saa ya kikao isibadilike. Saa tatu asubuhi ni nzuri, saa nane mchana baada ya chakula ni mbaya, kwa sababu akisinzia alfa inavunjika, theta inajaa, na mtaalamu asiye makini anaanza kuupa zawadi usingizi. Kama hunywa chai ya rangi asubuhi aendelee, lakini kiasi kile kile kila mara.

Kizingiti, yaani kiwango ambacho wimbi likikivuka ishara hutokea, huwekwa ili mama afaulu karibu asilimia 60 hadi 70 ya muda. Kikiwa kigumu anakata tamaa, kikiwa rahisi hakuna cha kujifunza. Na hapa pana mtego: programu nyingi hujirekebishia kizingiti zenyewe kila baada ya muda mfupi. Mama akidhoofika, kizingiti kinashuka naye, na mlio unaendelea kumpongeza kama kawaida. Ombeni kizingiti kibadilishwe kwa mkono, kiandikwe, na kisiguswe katikati ya kikao.

Yanayoharibu kikao ni mengi, ila matatu hujirudia. Kupepesa macho hutoa msukosuko wa polepole mbele ya kichwa ambao kompyuta huuhesabu kama delta au theta. Kuuma meno na kukunja paji la uso hutoa mtetemo wa kasi unaoonekana kama beta, ndiyo maana kuna watu "wameongeza beta" kwa wiki 10 kumbe wamejifunza kukaza taya. Mwambieni mama aachie mdomo kidogo, ulimi ulale, mabega yashuke. La tatu ni joto. Jasho kichwani hufanya mstari wote upande na kushuka kama wimbi la bahari, kwa hiyo Tanga ya Februari inahitaji feni, lakini feni iwe mbali na nyaya. Umeme wa ukutani nao una kasi yake ya 50. Kompyuta iwe kwenye betri, chaja za simu zichomolewe, na simu ya mama iwe chumba kingine.

Na asijitahidi. Wanaokaza akili ili picha ing'ae ndio wanaoifanya ififie. Mtaalamu anatakiwa kumwambia aitazame tu, kama mtu anayetazama maji yakipwa.

Kama mnaingia, ingieni na kipimo kinachoweza kuwaambia kwamba imeshindikana. Wiki mbili kabla ya kikao cha kwanza, chagueni mambo matatu ya nyumbani na mtu mmoja tu ayaandike kwenye daftari kila siku: mara ngapi amerudia swali kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku, kama amemeza dawa bila kukumbushwa, kama ameacha jiko linawaka. Mhesabuji asibadilike. Kisha afanyiwe jaribio la kumbukumbu na mtu ambaye hauzi mafunzo: kushika orodha ya maneno na kuyataja baada ya dakika kadhaa, kutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Jaribio la IDEA, lililotengenezwa na kujaribiwa wilayani Hai, Kilimanjaro, lina hata kupanga njiti za kiberiti, ili asiyejua kuandika asionekane mgonjwa. Kwa mwalimu mstaafu shida ni kinyume chake. Elimu yake inaweza kuficha upungufu, kwa hiyo alama zake zilinganishwe na zake mwenyewe za awali. Likirudiwa, orodha ya maneno iwe nyingine, la sivyo mtapima jinsi anavyoikumbuka orodha ya kwanza.

Baada ya kikao cha 10 tazameni grafu. Kama wimbi lililolengwa halijasogea kabisa kati ya mwanzo na mwisho wa vikao, acheni. Baadhi ya watu hawajifunzi hata wafanyweje, na hilo si kosa la mama. Kama wimbi limesogea lakini kufikia kikao cha 20 daftari halijabadilika, acheni pia. Makubaliano hayo yaandikwe kabla ya kulipa, na lipeni kikao kwa kikao. Acheni mapema zaidi kama anapata maumivu ya kichwa, anakosa usingizi au anakuwa na hasira isiyo yake baada ya vikao viwili mfululizo. Aliyewahi kupata degedege au kifafa asianze bila daktari wa mishipa ya fahamu.

Kuhusu kile cha kaka. Vifaa vingi vya kuvaa nyumbani hukaa kwenye paji la uso, yaani mahali ambapo kope na misuli vina kelele kuliko kote, na havifiki katikati ya kichwa. Alama ya "utulivu" au "umakini" inayotokea kwenye simu ni hesabu ya kampuni, si kipimo cha hospitali. Kwa kutulia kabla ya kulala vinaweza kumfaa mtu. Kwa usahaulifu wa mama, sivyo. Tahadhari na matangazo ina sababu: Januari 2016 kampuni ya michezo ya ubongo Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 huko Marekani, baada ya mamlaka ya biashara kuishtaki kwa kudai bila ushahidi wa kutosha kwamba michezo yake huzuia akili kudhoofika.

Zipo njia zenye ushahidi mnene zaidi. Utafiti wa ACTIVE wa Marekani uliwachukua wazee 2,832. Vikao 10 vya mazoezi ya kufikiri au ya kasi, bila waya wowote kichwani, viliacha alama iliyoonekana hata baada ya miaka 10, ingawa mazoezi ya kumbukumbu peke yake hayakudumu hivyo. Nchini Finland watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 walifuatiliwa kwa miaka 2. Waliopewa lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na udhibiti wa presha kwa pamoja walikuwa na maendeleo mazuri kuliko waliopewa ushauri wa kawaida. Na kwa waliokwisha kupata dimenshia, hapo hapo Hai yalijaribiwa mazungumzo ya kikundi ya kuchangamsha akili, vikao 14 kwa wiki 7, kwa nyimbo, picha, vyakula na habari za kijijini, na wazee wakafaidika. Muulizeni daktari kama kuna kikundi cha namna hiyo karibu. Mwalimu wa miaka 69 aliyezoea kusimama mbele ya watu atakipenda kuliko chumba chenye skrini.

Jikoni msisubiri daktari wala kifaa. Nunueni saa ndogo ya kugeuza inayolia, ikae juu ya meza ya jiko, na sheria iwe kwamba haiwashwi gesi kabla saa haijageuzwa. Simu yake ihamie jikoni wakati wa kupika ili asitoke kuipokea.

Kaka akisisitiza kuja na mzigo Desemba, alete mashine ya presha inayofungwa mkono wa juu, na mkanda unaolingana na unene wa mkono wa mama, maana ukibana sana husoma presha kubwa kuliko ilivyo. Akae dakika 5 mgongo ukiegemea, miguu chini, asizungumze. Mpime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, namba zote ziingie kwenye daftari lile lile la maswali na sufuria, na daftari hilo mwende nalo kwa daktari.